Kishada cha Waya wa Pili

Mkurugenzi wa redio alikuja mwenyewe kuuvisha bomba la njano ule waya wa mnara uliomkata shingo mume wa Eulogia akiwa kwenye pikipiki. Eulogia alitazama bomba likipanda, likaufunika uzi mwekundu wa skafu ya marehemu ulionasa pale tangu Jumanne.

"Haya, mama. Sasa kila mpita njia atauona."

Nyaya nyingine tano zilizoushikilia mnara zilishuka hadi njiani, nyembamba, rangi ya mawingu.

"Na hizi?"

"Hizi bado hazijaua mtu, mama."

Eulogia alimkamata lama jike, mnyama wa sufu kama ngamia mdogo, katika kundi lake, akamfungua sikioni kishada cha sufu nyekundu alichomvika siku ya sherehe ya mifugo, akauendea waya wa pili. Alikifunga usawa wa kidevu chake, akasita, akakishusha hadi kifuani.

Mkurugenzi akacheka. "Mbona chini hivyo? Unawakinga mbwa?"

Eulogia alikaza fundo kwa meno, ndipo akageuka.

"Binti yako hupita hapa na baiskeli."