Kipande cha Kuliwa

Siku hizi tunaishi majini, kila familia na nyumba yake ya chuma, na bibi harusi hapelekwi kwa mumewe bila kipande cha kuliwa. Ni bonge la metali, hufungwa chini ya nyumba ili maji yakitafune hicho, yaiache nyumba.

Kina mama mnaoozesha mabinti huku ziwani, chagueni magnesiamu. Mimi nilimchagulia Nyamizi wangu hiyo, ila wakwe zetu wa baharini walikuja na zinki yao, na ngoma juu.

"Hicho chako kitaliwa kama andazi, mkwe wangu," Bi Hidaya akanicheka. "Chetu kinadumu."

Wakafunga chao. Zinki ni ya maji ya chumvi. Ziwani hulala tu, maji hayaili.

Jana tulimtoa nje mjukuu wangu wa kwanza. Tulicheza mpaka sakafu ikatikisika. Nyamizi akaja anameremeta.

"Mama, baba mtoto kapiga mbizi kukitazama. Mwaka mzima, hakijaliwa hata kidogo."

Vigelegele vikapigwa, nami nikapiga. Lakini maji hayajui kufunga. Mwaka mzima yamekula kitu, na mjukuu wangu analala chumba cha chini.