Dripu ya Chuma

Dripu ya madini ya chuma ilitakiwa iingie taratibu, lakini nesi Kuruthumu alikuwa na haraka ya kwenda harusini. Alisukuma kwa kidole gumba kigurudumu kidogo cha kwenye mpira wa dripu, matone yakaanza kufukuzana.

Hazikupita dakika tano, Mama Sikudhani, aliyelazwa kwa upungufu wa damu, akashika kifua, pumzi zikambana. Kuruthumu aliifunga dripu, akamwita daktari.

Mgonjwa alipotulia, daktari aliuliza, "Imekuwaje?"

"Labda mwili wake umeikataa dawa," Kuruthumu alijibu, macho chini.

Mama Sikudhani akamshika mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuhangaisha."

Uso ulimwaka Kuruthumu kwa aibu. Daktari alikwisha kuanza kuandika kwenye faili kwamba mama huyu asipewe tena dawa ile, na nyingine ya kumrudishia nguvu hawakuwa nayo.

"Daktari, subiri," Kuruthumu alisema. "Si mwili wake. Ni mimi niliyeiachia dripu ikimbie."

Kalamu ilisimama. Mkono wa Mama Sikudhani ulikuwa bado juu ya mkono wa Kuruthumu, naye Kuruthumu hakuthubutu kuinua macho amtazame.