Jibu Lililowahi Mno

Nesi alikuwa ameshafunga mpira kwenye mkono wa mzee mgonjwa pale mtunga programu aliposhtuka. Kompyuta ilikuwa imejibu haraka mno.

Programu aliitunga mwenyewe: ikikosa dalili kwenye rekodi kwamba dawa itamdhuru mgonjwa, iandike "salama", naye apewe. Juzi wakubwa wa hospitali walilalamika kwamba inajivuta, naye akairuhusu ijibu "hakuna dalili" kabla haijamaliza kutafuta.

"Dada, subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Mashine yako imeandika salama." Tone la dawa lilining'inia kwenye ncha ya sindano.

Mtunga programu alimgeukia mzee. Alikuwa anahema kwa shida, na kila pumzi ilikuwa kama ya kuazima. Akimchelewesha bure, ataficha wapi uso wake?

"Mnabishana nini, wanangu?" mzee aliuliza kwa sauti ya chini.

Mtunga programu akaushika mkono wa nesi. "Haijajua kama ni salama. Ni kwamba tu haijaona hatari, na bado inatafuta."

Nesi alimkazia macho, kisha akajaribu kuuchomoa mkono wake.

Kwenye kioo cha kompyuta, neno la kijani, "salama", lilifutika.