Kompyuta ya Mjomba Rusiate

"Mpwa wangu, ukimaliza hapo njoo unitoe na figo," mjomba Rusiate alisema akiwa mkekani, bakuli la yaqona, kile kinywaji cha mizizi, mkononi.

Waisale alikuwa ameibana bisibisi kwa meno. Alikuwa amepiga magoti, mkono umezama ndani ya kompyuta ya mjomba wake hadi kiwiko. Akavuta, kitu kikaachia, akatoka na feni.

"Hiyo kazi yake nini?"

"Kupooza, mjomba. Mashine isipate joto."

"Basi chukua. Hapa upepo wa mtoni unatosha."

Huko Rewa mtoto wa dada huitwa vasu, na vasu habembelezi. Akitamani kitu cha mjomba wake, ni chake. Mjomba akinuna, aibu ni ya mjomba, na dada yake atamsema hadi kanisani. Waisale naye alikuwa vasu wa uso mkavu kwelikweli.

Lakini msimwone mroho bure. Alikuwa anampenda Makereta, na baba yake Makereta, Mwalimu Filimone, alikuwa amemtolea jicho mbele ya watu: "Binti yangu haolewi na mtu wa leo kazi ipo, kesho haipo. Nionyeshe kitu ulichokifanya kwa mkono wako, ndipo tuzungumze."

Waisale alichokijua ni kompyuta tu. Akaweka meza kando ya soko la Nausori, akaanza kutengeneza mashine za watu. Fundi bila vipuri atafanya nini? Mteja wa kwanza mashine yake ilikuwa imekufa RAM, na Waisale akakumbuka ile kompyuta ya mjomba, iliyotumwa na binti yake kutoka Auckland. Ilikuwa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, inasifiwa na wageni, na tangu ifike hakuna aliyewahi kuiwasha.

RAM ikaondoka. Mjomba alipoambiwa ndiyo kumbukumbu ya mashine, alisema, "Ipeleke, mimi mwenyewe nasahau nilipoweka viatu." Baadaye ikafuata diski, kisha hiyo feni. Siku ya prosesa, Waisale alimwekea mzee kiganjani.

"Hii ndiyo akili yake, mjomba. Hesabu zote zinafanyika humu."

Mjomba akaigeuza, akacheka hadi yaqona ikamwagika. "Loo! Lidude lote lile, akili haifiki hata biskuti? Kama shemeji yangu! Chukua, chukua."

Jambo moja tu hakuwahi kuliacha. "Umefunika vizuri?"

"Iko kama ilivyokuwa, mjomba."

"Hapo sawa. Kitu cha heshima hakikai wazi."

Na kweli Waisale alikuwa akirudisha mfuniko, anakaza skrubu zote, anatandaza kitambaa. Alipomalizia kwa kung'oa madabodi, ubao unaobeba vyote, na pawasaplai ya kuingizia umeme, kasha likawa jepesi kama kapu tupu. Dhamiri ikamchoma, tena ikamchoma sana. Akatia mawe mawili ya mtoni, akayafunga kwa gunia yasigongane. Alijiapiza kwamba akishaoa, atamnunulia mjomba mashine mpya, na haya yote yatakuwa hadithi ya kuchekea.

Mambo yakamnyookea. Jina la Waisale likavuma Nausori. Hata Mwalimu Filimone akapita mezani siku moja, akakuta watu wamepanga foleni.

"Vipuri unapata wapi?" akauliza.

"Ninaye mtu wangu, Mwalimu."

Mwalimu akaguna. Kwa Mwalimu, kuguna kulikuwa nusu ya ndiyo. Jioni ile Makereta alimwambia Waisale alete wazee.

Baba yake Waisale alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo msemaji wa ukoo alikuwa mjomba Rusiate. Siku ya posa aliketi mbele ya Mwalimu, shati limepigwa pasi, akatoa jino la nyangumi, ndilo la kuombea mchumba, kwa maneno matamu hadi akina mama wakafuta machozi. Mwalimu akalipokea kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi ya taratibu, ya adabu.

"Jino nimelipokea," Mwalimu akasema. "La binti bado sijasema. Huyu kijana nasikia sifa zake tu. Kazi ya mkono wake sijaiona."

Makereta, aliyekuwa nyuma ya pazia, akalisogeza kidogo achungulie.

"Tulia, mkwe mwenzangu," mjomba akasema, akapiga kofi moja.

Vijana wawili wakaingia wamebeba kitu kilichofungwa kwa mkeka mpya, wakakitua katikati kwa kishindo. Mjomba akaufungua mkeka mwenyewe, polepole, kama afunguaye chakula cha sikukuu. Kitambaa cha kufuma kikaonekana, kimefuliwa, kimepigwa wanga.

"Hii ni zawadi yetu kwako. Najua shuleni kwako hamna."

"Kompyuta!" Mwalimu akasahau uzee, akaruka. Akaliinua kasha kidogo kwa pembe. "Nzito! Hizi ndizo zenyewe, si za plastiki za siku hizi." Akamgeukia mkewe. "Leta waya wa umeme." Kisha akasema mbele ya koo zote mbili, kwa sauti ya darasani: "Haya, mashahidi ni ninyi. Ikiwaka hapa sasa hivi, Makereta ni wenu. Isipowaka, chukueni jino lenu."

Waisale akayakumbuka yale mawe mawili. Akamtazama mjomba wake. Mjomba alikuwa anatabasamu.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa mihogo, sijui kitu," mjomba Rusiate akasema. "Ila hili naliapia: vyote vilivyomo humo ndani, kimoja kimoja, mpwa wangu amevishughulikia kwa mikono yake mwenyewe." Akanyoosha bakuli lijazwe tena. "Haya, vasu, usitucheleweshe. Washa."