Kichupa cha Pili

Maabara nzima ilikuwa ikishangilia. Baada ya miaka ya kuhangaika, dawa ya mtafiti ilikuwa imekizuia kimeng'enya kinachotafuna protini. Jeli ya protini kwenye kichupa chenye kimeng'enya na dawa ilikuwa nzima, imesimama kama askari wa gwaride.

"Nimeshawapigia shangazi zako wote," mama yake alipaza sauti kwa furaha simuni. "Mwanangu kamziba mdomo yule mlafi!"

Ndipo jicho la mtafiti likatua kwenye kichupa cha pili, kile chenye kimeng'enya bila dawa. Jeli ya humo ilitakiwa iwe imeyeyuka zamani. Nayo ilikuwa nzima, inatikisika kwa raha zake. Kumbe kimeng'enya chenyewe kilikuwa kimeshakufa kabla dawa haijakigusa.

"Mama," akauliza, wenzake wakimbeba juujuu, "hakuna shangazi hata mmoja ambaye hakupokea simu?"