Majambazi Kumi Mlangoni pa Chekechea

Kisa hiki ni kweli tupu, hakikutiwa chumvi hata ya kulamba. Asiyeamini na asogee karibu, asikie vizuri, kisha abishe akitaka. Jambazi wa kwanza alipoteza meno ya mbele kabla hajamaliza kuuliza, "Mlinzi wa hapa ni nani?"

"Ni mimi," alijibu mlinzi, na ngumi ikawa imeshafika.

Walikuwa kumi. Walitumwa na tajiri mmoja aliyekuwa akikimezea mate kiwanja cha shule ya chekechea. Amri yake ilikuwa fupi: liangusheni darasa leo, aliyemo ndani shauri yake. Wakaja mchana kweupe na mapanga, mashoka na nyundo za kubomolea kuta.

Ndani alikuwamo mwalimu na watoto wake, wanajifunza kuandika namba tatu. Mlango haukuwa na kufuli, ulikuwa na kitasa kilicholegea tu, na mlinzi alikuwa amemwapia mwalimu: "Dada, wewe fundisha. Kitasa hiki hakiguswi na mtu nikiwa hai."

Yule wa meno aliruka kinyumenyume, akawapiga kumbo wenzake wawili, wakaenda kuligonga geti la chuma. Geti likang'oka, likawalalia wote watatu. Hawakuinuka tena.

Mzee aliyekuwa akisimulia akatua, wasikilizaji nao wavute pumzi. Walikuwa wamemzunguka, kila mmoja na vizibo vyake kumi vya soda mbele yake, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote.

"Damu ilitoka?" aliuliza Kibonge, ambaye kisa kisicho na damu humletea usingizi.

"Damu? Bwana Kibonge, kuku walikunywa wakalewa!"

"Wamebaki saba," alisema Bishi kutoka upande wa dirisha. Huyu binti hakuwa mpenzi wa hadithi. Raha yake ilikuwa kumshika mtu uongo.

"Saba, mheshimiwa. Kuna aliyekataa?"

Saba wakamvaa mlinzi kama nyuki. Panga likapita, likaondoka na nusu ya sikio lake. Hakuliokota, nafasi hiyo angeipata wapi? Aliwadaka wawili kwa kola, akawagonganisha vichwa, mlio ukawa kama mlango wa lori unapobamizwa. Mmoja alianguka macho yakiwa wazi. Mwingine alimwita mama yake, kisha naye akalala.

"Watano."

"Bibi Bishi, utaniacha nimeze mate?"

"Meza. Lakini ni watano."

Dirishani ilikuwa ikisikika sauti ya mwalimu, haijatetereka, akiwafundisha watoto namna tatu inavyojipinda: "Tumbo la juu... tumbo la chini. Haya, tena." Huku nje mlinzi naye akafuata maelekezo. Ngumi, tumbo la juu. Teke, tumbo la chini. Jambazi akajikunja kama kitambaa, mlinzi akammalizia kwa benchi la mgongoni. Benchi likavunjika, mgongo nao sijui.

Hapo mzee akapandwa na moto wake, maneno yakawa yanakimbizana. Mlinzi akapitisha mkono dirishani. Mwalimu, bila kugeuka, akampa kopo la vumbi la chaki. Vumbi likaenda machoni mwa wawili, vipofu ghafla, wakaanza kufyeka hewa kwa mapanga hadi wakafyekana wenyewe, vidole vikaruka, wakatumbukia pamoja kwenye shimo la choo kipya. Ikabaki kazi ya kiongozi wao, lile dude lenye shingo nene kuliko kichwa. Shoka la kiongozi likazama begani mwa mlinzi, damu ikajaa kiatu kikawa kinalia chwa, chwa. Mlinzi akaling'oa lile shoka kwa mkono wake mwenyewe, na kwa mpini wake akampiga kiongozi katikati ya macho. Ardhi ikatikisika.

"Basi, kukawa kimya," alisema mzee, akijifuta jasho. "Mlinzi akakaa chini, mgongo wake ukiuziba mlango. Majambazi wote kumi chali. Kitasa hakikuguswa."

"Na huyu?"

Bishi, aliyekuwa akiondoa kizibo kwa kila aliyeanguka, alikuwa ameinua kimoja kilichobaki.

"Huyo nani?"

"Wa kumi. Hujampiga."

"Huyo... huyo alitoka mbio."

"Hukusema alitoka mbio."

"Basi aliumwa siku hiyo, hakuja."

"Ulisema walikuja kumi, babu. Huyu ulimwacha. Mlinzi anapigana kule, yeye ameshika kitasa." Bishi akakiteremsha kizibo taratibu, akakiweka chini. "Ameshaingia ndani."

Wote wakageuka kuutazama mlango. Kibonge akaanza kulia.

Miaka yote mzee aliyokisimulia kisa hiki kwa wazee wenzake, watu wazima na akili zao, hakuna aliyewahi kumwona yule wa kumi. Kashikwa. Na anayeshikwa pale hulipa papo hapo, haombi kupunguziwa. Akavua kofia, akapiga magoti huku yakilia kama bawaba, akaweka viganja sakafuni.

"Mpande polepole, ni babu wa watu huyo," alisema mwalimu wao, akimalizia kuandika 1 kubwa ubaoni. "Wengine rudini kwenye viti vyenu. Pua afute nani, Kibonge? Haya, kila mtu kidole juu, tunaichora moja hewani."

Bishi, ambaye mwezi ujao angetimiza miaka mitano, alimkamata mzee masikio yote mawili, akamtia kisigino cha mbavuni.

"Twende, punda!"