Kanda Iliyongoja Kuitikiwa

Maktaba ya muziki ya ng'ambo iliituma kanda kwenye maktaba ya mji, ikisema ni mbovu: mwanamke anaimba ubeti mmoja, kisha kimya hadi mwisho. Makame, mtunzaji wa kanda, akamwita Bi Sikudhani, kwa kuwa aliyeimba ni dada yake, marehemu Siajabu.

"Mbovu nini!" alisema Bi Sikudhani. "Huo ni wimbo wa kumuaga maiti. Mwimbaji haendelei mpaka aitikiwe."

"Kanda haisikii, bibi."

"Washa, acha ujuaji."

Siajabu aliimba ubeti wake, akanyamaza. Bi Sikudhani akaitikia. Ndani ya spika mtu akavuta pumzi, ukaanza ubeti wa pili.

Makame alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. "Endelea, bibi," alinong'ona. "Wenzetu wa ng'ambo wanautaka wimbo mzima."

Beti zikaenda, sauti ya Siajabu ikizidi kufifia. Bi Sikudhani aliujua wimbo huo: ukiisha, maiti hutolewa nyumbani wala harudi tena. Ilipobaki kuitikia mara moja tu, alifumba mdomo.

"Itikia, bibi."

Alitikisa kichwa, machozi yakimtoka. Kanda ilizidi kuzunguka. Ndani ya spika mtu alikuwa akipumua, akingoja.